Mfumuko wa bei asilimia 3, na mchele tunaununua wenyewe: takwimu zinasema nini hasa, na mtu wa kawaida zinamsaidia nini?

#1 Mdadisi wa Zamani (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Kila mwezi NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu) wakitoa mfumuko wa bei, humu ndani panawaka moto. Mmoja anaweka picha ya taarifa, wa pili anajibu kwa bei ya kilo ya mchele mtaani kwake, wa tatu anafunga kwa "takwimu za kupika hizo", basi, uzi umekufa. Nimefanya kazi ya udadisi kwenye tafiti za kaya miaka kadhaa, dodoso mkononi, jua la saa saba, mbwa za watu. Najua namba hizi zinavyopatikana, na najua pia zinapochechemea. Leo tuzungumze taratibu.

Kwa lugha ya darasani, takwimu ni kukusanya taarifa, kuzipanga, kuzichambua na kuzitafsiri ili mtu aamue jambo. Zipo za kueleza ulichokiona tu: kaya ngapi zina umeme, wastani wa umri, na kadhalika. Zipo za kukisia jambo kubwa kwa kuangalia sehemu yake ndogo. Hayo yapo kwenye kitabu chochote. Hoja yangu mimi ni moja: kila namba ya takwimu ni jibu la swali fulani, na swali lenyewe huwa haliandikwi kwenye kichwa cha habari. Ukibishana na jibu bila kulijua swali, mtakesha.

Chukua huo mfumuko. Swali lake ni hili: kapu lilelile la bidhaa na huduma, ukililinganisha na mwezi kama huu mwaka jana, limepanda kwa kiasi gani? Humo mna mambo mawili ambayo watu huyaruka.

La kwanza ni huo mwaka jana. Tuseme mchele ulikuwa 2,000, mwaka uliofuata ukafika 3,000. Hapo umepanda kwa asilimia 50. Mwaka wa tatu ukawa 3,030. Mfumuko wa mchele mwaka huo ni asilimia 1, na kiongozi atasimama jukwaani aseme umeshuka kutoka 50 hadi 1. Hajadanganya. Wewe dukani unatoa 3,030 na bado unaikumbuka 2,000 yako. Na wewe hujadanganya. Mfumuko kushuka maana yake bei zinapanda polepole zaidi, si kwamba zimerudi zilikotoka.

La pili ni uzito wa kila kitu ndani ya kapu. Kapu la sasa limetokana na Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18, na mwaka wake wa kizio (ambao bei zake zinahesabiwa kuwa 100) ni 2020. Chakula na vinywaji visivyo na kilevi vimepewa uzito wa asilimia 28 hivi, wakati kapu lililotangulia vilikuwa karibu 38. (Chakula cha mama ntilie hakihesabiwi humo, kiko fungu la migahawa.) Sasa mfano wa kubuni: chakula kimepanda asilimia 10, vingine vyote asilimia 1. Kwa uzito wa NBS, 10 mara 0.28 ni 2.8, jumlisha 1 mara 0.72, unapata 3.52. Haya, njoo kwa mtu wa kipato cha chini ambaye sitini katika kila mia anayotumia inaishia jikoni: 6 jumlisha 0.4 ni 6.4. Soko lilelile, bei zilezile, mwezi uleule. Mfumuko wa taifa 3.5, wa kwake 6.4.

Kwa hiyo mkilalamika kwamba "asilimia 3 haifanani na maisha yangu" mnaweza kuwa sahihi kabisa, na namba ikabaki kuwa sahihi. Swali halikuwa juu yako.

Karibuni.

#2 Kobe Mwendo

Naweka kigoda hapa. Uzi wa maana huu, mods msiuhamishe.

#3 Chuma cha Reli

Mleta uzi umeandika vizuri ila umetuficha la muhimu. Unazungumza kama vile hao wanaotoa namba hawana bosi. 2018 sheria ya takwimu ilirekebishwa, ukitoa takwimu zinazopingana na za serikali ni faini isiyopungua milioni 10 au kifungo kisichopungua miaka mitatu. Mtu anayejiamini na hesabu yake anaogopa nini kukaguliwa?

Halafu mimi nina miaka 41, sijawahi hata siku moja kuhojiwa na mtu wa NBS. Wala baba yangu. Wala jirani. Hizo asilimia mnazitoa wapi?

#4 Mdadisi wa Zamani

Mkuu Chuma, la sheria sikatai. Yale marekebisho yalikuwa mabaya, Benki ya Dunia walitamka wazi kwamba yanawatia wasiwasi, na 2019 yalirekebishwa tena, vifungu vya kumfunga mtu kwa kupinga takwimu vikaondolewa. Takwimu isiyoruhusiwa kupingwa inakosa thamani hata kama ni ya kweli, kwa sababu hakuna mtu wa nje aliyewahi kuijaribu. Kwa hilo tuko pamoja.

Ila hili la "sijawahi kuhojiwa" ni jambo jingine kabisa. Nasubiri mwenye kulijibu vizuri kuliko mimi.

#5 Gunia la Kibaigwa

Ngoja nimjibu mimi, nipo kwenye mahindi.

Chuma, lori la tani 30 likiingia sokoni lina magunia mia tatu ya kilo mia mia. Unadhani tunayamwaga yote chini kuangalia? Tunachukua bambo. Kwa wasioijua, ni chuma chenye ncha na mfereji katikati: unachoma gunia, punje zinateremka kiganjani. Unaangalia rangi, unaangalia kama yametobolewa, unang'ata moja kusikia ukavu. Magunia ishirini, thelathini, unajua lori lote na unataja bei.

Lakini sasa, na hapa ndipo watoto wa mjini wanapoliwa: ukichoma magunia ya mlangoni tu umekwisha. Mwenye mzigo anajua utachoma hayo, mazuri yote kayapanga hapo. Mzoefu anapanda juu, anachoma katikati, anachoma ya chini, anachoma pembeni, na gunia anachagua yeye, hachaguliwi. Na gunia lenyewe hachomi juu tu, kuna wajanja wanaweka mabovu katikati.

Lori likiwa la magunia mia tatu au treni nzima ya magunia elfu thelathini, mimi sihitaji kuchoma mara mia zaidi. Nahitaji kuchoma bila kupangiwa.

Wewe na baba yako ni magunia ambayo bambo halijayafikia. Haimaanishi lori halikupimwa.

#6 Chuma cha Reli

Hahaha mzee wa mahindi umenikalisha. Nakubali kwa nusu.

#7 Mdadisi wa Zamani

Gunia la Kibaigwa ungekuja kufundisha wale vijana wetu kabla ya kwenda uwandani.

Niongezee namba kwenye alichosema. Ukichagua watu 1,000 kwa bahati nasibu ya kweli, jibu la asilimia utakalopata linaweza kupotoka kwa takriban pointi 3 juu au chini. Ukitaka upotofu uwe pointi 1, unahitaji karibu 10,000. Nchi iwe na watu milioni 5 au milioni 60, hesabu inabaki karibu ileile. Watu wengi hawaamini hili hadi waone.

Na ubaya wa magunia ya mlangoni una kisa maarufu cha Marekani, 1936. Jarida la Literary Digest lilituma karatasi za kura za maoni milioni 10, zikarudi milioni 2.4 hivi. Likatangaza Landon anamshinda Roosevelt kwenye uchaguzi wa rais. Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48. George Gallup, mpima maoni aliyetumia watu wachache sana kuliko hao, alimtaja mshindi. Jarida lilichukua majina kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na tena waliojibu ni wale waliokuwa na hamu ya kujibu. Kwa hiyo mkiona kura za maoni humu au kwenye kurasa za mitandao, "watu laki mbili wamepiga kura", kumbukeni hao ni wale waliojileta wenyewe. Laki mbili haiponyi ugonjwa huo.

#8 Nesi wa Zamu

Habari zenu. Naomba niulize kitu kinachonitatiza kazini.

Vifo vya kina mama vinavyotokana na uzazi. Tuliambiwa utafiti wa 2015/16 ulitoa vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na wa 2022 ukatoa 104. Sisi wa wodini tunaona kweli mambo yamebadilika, vituo vya afya vingi sasa vinafanya upasuaji, magari ya wagonjwa yameongezeka, rufaa inafika mapema. Lakini kushuka hadi chini ya moja ya tano ndani ya miaka sita au saba? Halafu makadirio ya WHO na wenzao yaliyotoka 2023 yanaiweka Tanzania kwenye 238 kwa mwaka 2020. Nishike ipi?

#9 Mdadisi wa Zamani

Dada Nesi, swali zuri kuliko yote mpaka sasa, na halina jibu la mstari mmoja.

Angalia kwanza hizo 556 na 104 zinapatikanaje. Si rejesta za hospitali. Mdadisi anakaa na mwanamke wa miaka 15 hadi 49 na kumwuliza juu ya ndugu zake wa tumbo moja: uliozaliwa nao wangapi, nani yu hai, nani amefariki, dada aliyefariki alikuwa na umri gani, alikuwa mjamzito, alikuwa anajifungua, au ilikuwa ndani ya muda mfupi baada ya kujifungua? Hebu fikiria unamwuliza mtu swali hilo barazani, watoto wanamzunguka, mama mkwe anasikiliza. Wengine wanalia. Wengine wanakwambia "aliugua tu" na wanageuza uso. Unaandika ulichoambiwa.

Utafiti wa 2022 ulihoji wanawake 15,254. Ni wengi kwa kujua nani ana chandarua, maana karibu kila kaya ina jibu. Lakini kifo cha uzazi, hata pale kilipo kingi, ni tukio adimu. Ndani ya elfu kumi na tano za mahojiano unakuta vifo vichache tu vya aina hiyo, na vikipungua au kuongezeka kidogo, ile "kwa kila 100,000" inaruka juu au chini sana. Ndiyo maana ripoti yenyewe haiishii kwenye 104, inatoa na mipaka ya makadirio, ya chini na ya juu, na ni mipana. Magazeti huchukua ya katikati na kuacha mipaka. Tena majibu hayo ni ya vifo vilivyotokea miaka kadhaa kabla ya utafiti, si ya mwaka 2022 peke yake.

Hiyo 238 nayo si hesabu ya vichwa. Ni makadirio ya mfumo wa hesabu unaochanganya tafiti, rejesta na vitu kama uzazi na pato la nchi, ili nchi zote ziweze kulinganishwa. Mfumo wa namna hiyo kwa asili yake hauamini mabadiliko ya ghafla, unayalainisha.

Nishike ipi, umeuliza. Kwangu mimi, shika kwamba vimeshuka kwa kiasi kikubwa, kwa sababu vyanzo tofauti vinaelekea upande mmoja. Kushuka mara tano na ushee kamili, hilo mimi siapi. Na pale wodini kwako shika rejesta yako mwenyewe na vikao vya kupitia kila kifo. Rejesta itakwambia mama alichelewa nyumbani, njiani au mlangoni kwenu, kitu ambacho 104 wala 238 haiwezi kukuambia.

#10 Nesi wa Zamu

Asante sana. Hilo la mipaka ya juu na chini hatukuwahi kuoneshwa semina, slaidi zote zilikuwa na namba moja nene tu na mshale wa kijani.

#11 Mwanakijiji Kaskazini

Mshale wa kijani 😂😂 wodini kwetu tunao huo ukutani.

#12 Pwani Yetu (Kilifi)

Hamjambo ndugu zetu. Huku Kenya takwimu ni pesa, si nadharia. Tangu ugatuzi uanze, kaunti zagawiwa fedha kwa fomula, na katika fomula ya kwanza idadi ya watu ilibeba asilimia 45. Ya tatu ikaishusha hadi 18 na kuongeza vigezo vingine kama afya na kilimo. Seneti ya 2020 ilikaa vikao juu ya vikao, watu wakalumbana mpaka wakatishiana, kwa sababu kaunti zenye watu wengi zataka "mtu mmoja, shilingi moja" na zile za ukame zasema ardhi yetu ni pana, barabara haijengwi kwa vichwa.

Sasa mtu akijua kichwa kimoja ni shilingi, atahesabu vipi? Sensa ya 2009, waziri wa mipango alifuta matokeo ya wilaya nane, za Kaskazini Mashariki na Turkana. Hakufuta kwa kuota. Idadi ilikuwa imeongezeka kuliko vile uzazi na vifo vyaweza kueleza, na mpangilio wa umri haukukaa kama wa binadamu wanaozaliwa na kukua. Huko ndiko kunaswa kwa takwimu za kupika, bwana Chuma: mpishi huweka jumla aitakayo, lakini hukosa kupanga umri, jinsia, vizazi na vifo vikubaliane vyote kwa pamoja.

Ingawa wa kule nao walikuwa na lao: miaka yote kabla ya hapo walihesabiwa vibaya, wafugaji wanahama, karani haendi. Kwa hivyo ni nani aliyeanza kukosea, hapo mie nanyamaza.

Kitu kingine cha sensa yetu ya 2019, jumla ya watu 47,564,296, na ndani yao 1,524 wameandikwa huntha, yaani waliozaliwa na maumbile yasiyo ya kiume wala ya kike moja kwa moja. Ni wachache mno na bila shaka wengine hawakujitaja. Lakini kabla ya hapo walikuwa sifuri, kwa kuwa dodoso lilikuwa na visanduku viwili tu.

#13 Chuma cha Reli

Sasa hapo Pwani Yetu umeniingiza kwenye mstari. Kwamba za kupika zinakamatwa na hesabu nyingine. Hiyo naikubali nzima, si nusu.

Na ya kwetu 2022?

#14 Mdadisi wa Zamani

Ya kwetu ipige mwenyewe, huhitaji kompyuta. 2012 tulikuwa 44,928,923. Usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022 tukawa 61,741,120. Gawanya, unapata 1.374 kwa miaka kumi, yaani ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Kati ya 2002 na 2012 lilikuwa 2.7. Je, inawezekana uzazi ushuke kidogo na ongezeko lipande? Inawezekana, kama vifo vya watoto vimeshuka kwa kasi zaidi, au kama 2012 kuna watu waliachwa. Wataalamu wa demografia wanaendelea kuvutana hapo, na ni haki yao. Faida moja ya 2022 ni vishikwambi: karani akijaza mama wa miaka 14 mwenye mtoto wa miaka 9, kifaa kinagoma papo hapo. Zamani kosa hilo ulikuwa unalikuta ofisini miezi minane baadaye, kaya yenyewe imeshahama. (Vishikwambi vyenyewe baadaye wakapewa walimu.)

Kwa asilimia 3.2 watu wanaongezeka mara mbili kila baada ya miaka 22 hivi. Maana yake kufikia 2044 ni zaidi ya milioni 120. Yule anayepanga madarasa, visima na zahanati asipokuwa na namba hiyo anapanga nini?

#15 Chaki Nyeupe

Mimi ni mwalimu, niseme ya kwetu.

Hakuna mahali takwimu zimetutesa kama matokeo ya mitihani. Kidato cha nne cha 2012, matokeo yalipotoka Februari 2013 ufaulu ulikuwa asilimia 34 na kitu. Nchi ikatikisika, tume ikaundwa, matokeo yakafutwa na kupangwa upya, ufaulu ukawa asilimia 43. Karatasi zilezile, mwandiko uleule wa watoto walewale. Kilichobadilika ni namna ya kupanga madaraja. Tangu siku ile mtu akiniambia "ufaulu umepanda" namwuliza kwanza: madaraja ni yaleyale?

La pili ni orodha za shule bora kitaifa, ambazo NECTA (Baraza la Mitihani) waliacha kutangaza Januari 2023. Wazazi wengi walilalamika, mimi nilifurahi. Shule yenye watahiniwa 20, mtoto mmoja akiteleza ni pointi 5 za asilimia. Shule yenye watahiniwa 400, mtoto mmoja ni robo pointi. Kwa hiyo juu kabisa ya orodha utakuta shule ndogo, na chini kabisa pia utakuta shule ndogo, mwaka unaofuata zinabadilishana. Shule kubwa ya kata imekaa katikati miaka yote, walimu wake wanasemwa kwenye kikao cha wadau. Bado hatujagusa kwamba ya juu imechuja watoto kwa usaili na kuwahamisha dhaifu kabla ya usajili wa mtihani. Hapo unapima nini, ufundishaji au mlango?

Na wastani jamani. Mkaguzi aliwahi kutuambia wastani wa darasa ni 50, "mko vizuri". Nusu ya darasa walikuwa na tisini, nusu walikuwa na kumi. Hakukuwa na mtoto hata mmoja wa hamsini.

#16 Kobe Mwendo

Hii ya wastani ndiyo ya mishahara pia. Watu tisa wanalipwa laki tatu, bosi milioni 12 na laki tatu. Wastani wa ofisi ni milioni moja na nusu. Ukitaka kujua ukweli wapange foleni mdogo hadi mkubwa, mwulize wa katikati: laki tatu.

#17 Mama Chapati Tabata

Jamani nimesoma yote, elimu ni bahari. Lakini swali la mleta uzi lilikuwa pia mtu wa kawaida zinamsaidia nini. Mimi nina kibanda, chapati na chai na maharage asubuhi. Siku nyingine chapati zinabaki nyingi, siku nyingine zinaisha saa mbili watu wanaondoka. Daftari ninalo, naandika kila siku nimeuza ngapi. Wastani unakuja 80. Nikipika 80 bado tabu ileile. Hao wenye bambo wanasemaje?

#18 Mdadisi wa Zamani

Mama, daftari unalo, basi uko mbele ya maofisi mengi. Nipe mambo mawili: chapati moja inakugharimu shilingi ngapi mpaka imeiva, unaiuza ngapi?

#19 Mama Chapati Tabata

Unga, mafuta, mkaa na kijana wa kusukuma, kama 300. Nauza 500.

#20 Mdadisi wa Zamani

Vizuri. Chapati ikibaki umepoteza 300. Mteja akikosa umepoteza faida ya 200. Hasara ya kubaki ni kubwa kuliko hasara ya kukosa, kwa hiyo wastani si mahali pako, inabidi upike pungufu kidogo. Kanuni yake: chukua 200, gawa kwa 200 na 300 ukizijumlisha. Unapata 0.4. Yaani pika kiasi ambacho kinatosheleza siku 40 katika 100.

Fungua daftari, chukua siku 30 za karibuni, zipange kuanzia mauzo madogo hadi makubwa. Hesabu hadi ya 12. Idadi ya siku hiyo ndiyo unayopika. Jumapili na siku za mvua zitoe pembeni, zipange peke yake, maana ni soko jingine.

#21 Mama Chapati Tabata

Ila baba, chapati iliyobaki siitupi. Kesho yake naipasha, naiuza 250 kwa vijana wa bodaboda alfajiri. Zinaisha.

#22 Mdadisi wa Zamani

Ulitakiwa uniambie mapema 😂 hesabu yote inageuka. Sasa ikibaki unapoteza 50 tu. 200 gawa kwa 250 ni 0.8. Usiangalie siku ya 12, angalia siku ya 24. Pika nyingi. Hiyo inashika mradi tu wale wa bodaboda wawe wanazimaliza kweli. Zikizidi mpaka wao wakashindwa, turudi kwenye 300.

#23 Gunia la Kibaigwa

Kuna shimo hapo mdadisi. Zile siku zilizoisha saa mbili, daftari lina idadi gani? Ile aliyopika. Waliokuja saa tatu wakakuta beseni tupu hawamo. Daftari lake ni la mauzo, si la wateja. Akilipanga hivyo hivyo, siku zake kubwa zote zinaonekana ndogo kuliko zilivyo.

#24 Mdadisi wa Zamani

Kweli kabisa, na ni kosa ambalo hata tafiti kubwa zinalifanya. Mama, kuanzia kesho ongeza safu moja kwenye daftari: saa chapati zilipoisha. Na kama kijana anaweza, apige kistari kwa kila mteja aliyeulizia akakosa. Wiki nne hivi, halafu urudi hapa na daftari tupange upya.

#25 Mama Chapati Tabata

Vistari atapiga, si anajua kuandika. Tatizo kuna wateja wanaulizia mara mbili, wanapita wakienda kituoni na wakirudi. Hao nawahesabu mmoja au wawili?